Pima Saba na Nusu

Daftari la baba lilikuwa chini ya cherehani,
limefungwa kwa uzi wa katani, linanuka grisi.
Ndani, miaka kumi na miwili ya kina cha ziwa:
gati la Jinja, tatu, tope;
nje ya Bugungu, saba na nusu, changarawe;
asubuhi ya ukungu, kumi na moja, hakuna kilichonasa.
Na juu ya kila safu, kwa mwandiko wa mtu wa darasa la nne,
neno la Kiingereza kama alivyolisikia melini:
fadhomu.

Mzee Isabirye, baharia wa meli ya mabehewa,
kazi yake ilikuwa kutupa bildi:
kamba ndefu, kipande cha risasi,
na chini ya risasi kishimo kilichopakwa mafuta ya ng'ombe
ili sakafu ya ziwa iache alama,
kama ulimi unaoonja mchuzi wa watu wengine.

Nililipeleka neno kwa Mwalimu Fadlmula, Mnubi wa Bombo,
anayefundisha Kiswahili kule Walukuba
kwa wanafunzi kumi na mmoja na chaki moja.
Akapiga meza. "Huoni? Ni fahamu hii!
Wametuibia, wakaichovya majini, imerudi na lafudhi!"
Nilicheka, lakini lilikaa,
kwani Waingereza nao hulitumia neno lao
kwa kufika chini ya jambo, kulielewa.
Fahamu, fadhomu. Ukiyaketisha benchi moja
utasema Waiswa na Tenywa.

Kamusi ya maktaba, iliyoliwa na mchwa kuanzia Z kurudi nyuma,
ilikataa undugu huo.
Fahamu tuliipokea kwa Waarabu.
Lile lingine lilizaliwa mbali, kwenye baridi,
na mwanzoni halikuwa kina wala akili.
Lilikuwa mikono miwili iliyofunguliwa. Kumbatio.
Kisha mabaharia, wakivuta kamba kutoka majini,
wakaihesabu kwa upana wa mikono hiyo hiyo,
kumbatio likawa futi sita,
futi sita zikawa kina, kina kikawa maarifa,
na mikono ikasahauliwa.

Mama aliuza vitenge sokoni.
Alivipima ncha ya kidole hadi ncha ya kidole,
akigeuza uso kitambaa kisimguse pua.
Pima moja. Pima mbili.
Urefu ule ule, bila kuazima kwa mtu.
Nilipomwambia Mwalimu hilo
alinyamaza kwa muda wa nusu kikombe cha chai.
"Basi hawakuiba," akasema. "Walikuwa na mikono tu."

Baba hakuwahi kunikumbatia.
Niliporudi likizo kutoka Iganga alinipa mkono,
akauliza nauli ilikuwa shilingi ngapi.
Waganda husema kukumbatiana ni kuangukiana kifuani;
yeye hakuwa mtu wa kuanguka.
Jioni alikaa na mabega yakimuuma
kwa kufungua na kufunga mikono mchana kutwa,
mara mia, mara mia mbili,
kwa ajili ya maji.
Mama alimsugua kwa mafuta ya samli, hawasemezani.

Usiku huu nimezisoma safu zote
kwa kidole, kama mtu anayetafuta deni.
Mvua ya masika, pima nne.
Nahodha mgonjwa, pima tisa.
Tope. Tope. Mchanga mweusi. Konokono mmoja, mzima.
Halafu Machi, tarehe sita, siku niliyozaliwa.
Hakuna namba. Hakuna tope.
Amekata mstari mrefu, na chini yake:
Leo sikupima.

Sijui kama meli ilikuwa gatini ikitengenezwa
au mikono yake, siku hiyo,
ilikuwa na kazi nyingine.